Peugeot: Simba Aliyelelewa na Mafundi Wetu

Ndugu msomaji, ikiwa umri wako umepita miaka hamsini, na ikiwa ulikulia katika mji wo wote wa Afrika Mashariki, huna haja ya kuelezwa Pijo ni kitu gani. Uliufahamu mlio wa injini yake kabla gari lenyewe halijatokea kwenye kona. Uliifahamu pia ile nembo ya simba aliyesimama kwa miguu ya nyuma, na pengine uliwahi kubanwa kwenye kiti cha nyuma kabisa, magoti yakigusa kidevu, ukienda kijijini na wazazi wako kwa msiba au kwa harusi. Na ikiwa u kijana, huenda jina hilo umelisikia tu midomoni mwa wazee, nao kila wanapolitaja huongeza kusema kwamba magari ya siku hizi ni makopo.

Jambo ambalo ningependa tulitazame pamoja Jumapili hii ni hili: sifa hiyo kubwa ya Peugeot ilitoka wapi, na kwa nini ilififia? Usidhani kwamba ni swali la kupitishia wakati. Kwa familia ya mfanyakazi wa mjini, gari ni kitu kinachofuata nyumba kwa ukubwa wa bei. Familia ikikosea katika kulichagua, kosa hilo hulipwa kwa karo ya watoto na kwa fedha ya unga. Historia ya gari moja lililopendwa sana yaweza kutufundisha namna ya kuepa kosa hilo.

MISUMENO KABLA YA MAGARI

Jamaa ya Peugeot ni watu wa mashariki ya Ufaransa, na biashara yao ya chuma ilianza mwaka 1810, yaani miaka mingi kabla binadamu hajaota habari za gari la petroli. Walitengeneza misumeno. Mwaka 1840 wakaanza kutengeneza vinu vidogo vya kusagia kahawa, na baadaye vya kusagia pilipili manga, ambavyo vinauzwa mpaka leo kwa jina lile lile. Mwaka 1858 waliandikisha rasmi nembo yao ya simba. Simba huyo aliwekwa kuusifu msumeno: meno magumu kama ya mnyama huyo, uti wa mgongo unaopindika bila kuvunjika, na wepesi wa kukata. Mwaka 1882 wakaingia katika baiskeli, na mwaka 1889 Armand Peugeot akaonyesha gari lake la kwanza, lililokuwa na magurudumu matatu na kuendeshwa kwa mvuke. Mwaka uliofuata akahamia kwenye injini ya petroli.

Namba za magari hayo nazo zina kisa chake. Tangu Peugeot 201 ya mwaka 1929, kampuni ilishika desturi ya kuyapa magari yake namba yenye sifuri katikati: 203, 403, 404, 504. Iliilinda desturi hiyo kwa wivu mkubwa. Porsche wa Ujerumani walipotaka kuliita gari lao jipya 901, Peugeot walipinga, na mwaka 1964 Porsche wakalazimika kulibadilisha jina liwe 911. Kwa hiyo jina ambalo limekuwa mashuhuri ulimwenguni kote lilizaliwa kwa sababu Wafaransa hawakukubali kuazimana sifuri.

MATOPE YA PASAKA

Hata hivyo, mwananchi wa Morogoro au Nakuru hakuipenda Peugeot kwa sababu ya misumeno wala sifuri. Aliipenda kwa sababu aliiona kwa macho yake ikipita matopeni.

Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya magari ya kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kuanzia mwaka 1960 yakajulikana kwa jina la East African Safari. Yalizoeleka kufanyika wakati wa Pasaka, majira ambayo masika yamekwisha kukolea. Madereva walikwenda usiku na mchana katika barabara ambazo siku hizo zilikuwa za udongo mtupu, wakapanda milima ya Usambara na Mbulu, wakazama katika udongo mweusi unaonata kama ulimbo.

Mwaka 1963 mvua ilikuwa kali mno. Magari 84 yaliondoka, na yaliyomaliza safari yalikuwa 7 tu. Lililotangulia yote lilikuwa Peugeot 404, likiendeshwa na Nick Nowicki pamoja na mwenziwe Paddy Cliff. Miaka mitano baadaye, mwaka 1968, mvua ya namna ile ile ikarudi. Magari 93 yakaondoka, yakamaliza 7. La kwanza lilikuwa Peugeot 404 tena, na ndani yake walikuwamo Nowicki na Cliff wale wale.

Kati ya miaka hiyo miwili kuna ushindi ambao Watanzania wana haki ya kuukumbuka. Mwaka 1966, na tena mwaka 1967, mashindano hayo yalichukuliwa na Bert Shankland, mzaliwa wa Scotland aliyekuwa mkazi wa Tanzania, pamoja na msoma njia wake, Chris Rothwell. Gari lao lilikuwa 404, nalo lilihusishwa na Tanganyika Motors, wakala wa Peugeot mjini Dar es Salaam. Basi katika mashindano sita, tangu 1963 hadi 1968, Peugeot 404 ilishinda manne. Mdogo wake, 504, aliendeleza sifa ya nyumba: mwaka 1975 kwa mikono ya Ove Andersson wa Sweden, na mwaka 1978 kwa mikono ya Jean-Pierre Nicolas wa Ufaransa.

Tafakari kidogo, ndugu msomaji, maana ya wakala wa mjini kujihusisha na mashindano ya namna hiyo. Katika siku zile gari la mashindano lilikuwa bado ndugu wa karibu wa gari lililosimama katika chumba cha maonyesho. Kilichovunjika Mbulu usiku wa Pasaka ndicho ambacho kingevunjika kwa mteja baada ya mwaka mmoja wa kusafiri kati ya Dodoma na Singida. Wakala aliyejifunza hayo alijua ni vipuri gani aviweke ghalani kwa wingi, na fundi wake alijua ni nati ipi ya kuitazama kwanza. Mteja aliponunua gari alinunua pia ujuzi huo, ingawa haukuandikwa katika risiti.

KWA NINI LILISTAHIMILI

Peugeot 404 ilitoka kiwandani mwaka 1960, umbo lake likiwa limechorwa na Pininfarina wa Italia. Si gari la kifahari, wala halikuwa na mbio za kutisha. Injini yake ya mwanzo ilikuwa ya sentimita za ujazo 1,618, nayo ililazwa ubavu kwa nyuzi 45 ili boneti iwe chini. Lakini ndani yake mlikuwa na mambo ambayo fundi wetu aliyathamini mara moja.

La kwanza ni silinda zake. Pistoni za injini ile zilitembea ndani ya mikebe ya chuma inayochomoleka, ambayo mafundi huiita slivu, huku maji ya kupozea yakiizunguka kwa nje. Injini iliyochakaa haikulazimika kupelekwa kwenye mtambo mkubwa wa kuchonga silinda upya. Fundi alichomoa mikebe ya zamani, akapachika mipya pamoja na pistoni zake, na gari likarudi barabarani. La pili ni feni ya rejeta, ambayo ilishikwa kwa sumaku injini ilipopata joto, na kuachiwa ilipopoa; jambo hilo liliokoa petroli. La tatu ni kwamba betri ilipokufa, mwenye gari alitoa mpini, akauingiza mbele na kuizungusha injini kwa mkono.

Kisha kuna springi. Barabara yenye mawimbi kama ubao wa kufulia huyavunja magari mengi kwa sababu magurudumu yake hayana nafasi ya kutosha ya kupanda na kushuka. Peugeot ziliachiwa nafasi hiyo kwa ukarimu. Stesheni wagoni ya 404 iliwekewa springi nne nyuma, mbili kila upande, na urefu wa kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma ukaongezwa kutoka sentimita 265 hadi 284. Ndiyo sababu lilibeba viti safu tatu, mizigo juu ya paa, na bado tumbo lake halikugusa ardhi. Ilipokuja 504 mwaka 1968, ambayo huko Ulaya ilitunukiwa sifa ya gari bora la mwaka 1969, stesheni wagoni yake ilirithi mpango ule ule.

Kwa nguvu hizo gari hili likawa mtumishi wa kila mtu. Nchini Kenya pikapu za 404 zilifungwa bodi na mabenchi zikawa matatu, na stesheni wagoni za 504 zikawa teksi za masafa marefu kati ya Nairobi na miji ya mikoani. Hapa lazima tuseme ukweli wote. Ustahimilivu wa gari ulitumiwa vibaya. Gari lililojengwa kubeba watu saba au wanane lilishindiliwa watu kama dagaa, likakimbizwa, na familia nyingi zikapoteza watu wao barabarani. Ilichukua muda mrefu mpaka Kenya ilipotunga kanuni kali za mwaka 2003, zilizoanza kusimamiwa kwa nguvu Februari 2004, za kulazimisha mikanda na vidhibiti mwendo katika magari ya abiria. Springi nne zaweza kubeba uzito. Haziwezi kumlinda mtoto aliyepakatwa kiti cha mbele.

MIAKA YA DHIKI

Jaribio kubwa la gari hili halikuwa mashindano ya Pasaka. Lilikuwa ni uhaba.

Bei ya mafuta ilipanda ghafla tangu mwaka 1973. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa tangu Februari mwaka huo hadi Novemba 1983. Ikafuata vita ya Kagera ya mwaka 1978 na 1979. Fedha za kigeni zikawa adimu, na kila senti yake iligombaniwa na dawa, chakula, petroli na mitambo ya viwanda. Wazee watakumbuka zile Jumapili ambazo ikifika saa nane mchana magari ya binafsi yalipaswa kuwa yameegeshwa, ili petroli iokolewe. Kwa upande wa pili wa mpaka, Peugeot 504 zilikuja kuundwa Mombasa katika kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers. Lakini kwa mwenye gari wa Tanga, Mombasa iliyo jirani ilikuwa imekwisha kuwa mbali kama Paris.

Rafu za wauza vipuri zikabaki tupu. Hapo ndipo fundi wa chini ya mwembe alipochukua nafasi ya kiwanda. Alikata gasketi kutoka katika karatasi ngumu. Alichonga bushi kutoka katika mpira wa tairi kuukuu. Magari mawili mabovu yalizaa gari moja zima. Kijana aliyeanza kwa kuosha nati kwa mafuta ya taa alikua akaijua injini ya 404 kama mkulima anavyolijua shamba lake, na ujuzi huo akampa kijana mwingine. Gari lilikuwa limeundwa kwa namna inayofunguka kwa spana na kueleweka kwa macho. Bila tabia hiyo, ubingwa wote wa fundi usingefaa kitu. Na bila fundi huyo, simba wa Ufaransa angekufa kando ya barabara zetu.

Ndiyo maana nasema kwamba sifa ya Peugeot ilikuwa mali ya watu watatu: kiwanda kilichounda kitu cha kutengenezeka, wakala aliyeweka vipuri, na fundi aliyepokezana ujuzi. Alipokosekana wa pili, wa tatu alijitwisha mzigo wake. Lakini mtu mmoja hawezi kubeba mizigo miwili milele.

SIMBA ANAONDOKA

Mwaka 1984 Serikali ya Tanzania iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa bila kuulizwa wamezipataje. Mlango ukafunguka, na katika miaka ya 1990 magari yaliyotumika kutoka Japani yakaingia kwa wingi. Yalikuwa na usukani upande wetu wa kulia, bei yake ilifikika, na baada ya muda mfupi vipuri vyake vikajaa kila duka la mtaa. Peugeot haikuwa na mto wa namna hiyo, kwani Ufaransa huendesha upande wa kulia wa barabara, na magari yao yaliyotumika yana usukani wa kushoto.

Wakati huo huo kiwanda chenyewe kilibadilika. Uundaji wa saluni ya 504 nchini Ufaransa ulikoma mwaka 1983, ingawa Kenya na Nigeria ziliendelea kuiunda mpaka miaka ya mwanzo ya karne hii. Peugeot 405, iliyotoka mwaka 1987, ilivutwa kwa magurudumu ya mbele na ilikuwa gari zuri la lami. Lakini fundi wa chini ya mwembe alipoifungua hakumkuta rafiki yake wa zamani. Nchini Kenya, Nissan za abiria zikazitoa teksi za Peugeot barabarani moja baada ya nyingine. Leo Peugeot ni tawi la kampuni kubwa iitwayo Stellantis, iliyoundwa mwaka 2021, na bado inatengeneza magari. Lakini mtaani kwetu mtoto akiambiwa achore gari, hachori tena simba.

Utaona, basi, kwamba Toyota haikushinda kwa sababu chuma chake ni kigumu kuliko cha Peugeot. Ilishinda kwa kumiliki jambo lile lile lililoipa Peugeot heshima yake: fundi anayeijua na kipuri kinachopatikana leo hii, si mwezi ujao.

KABLA HAMJATOA FEDHA

Sasa turudi nyumbani kwako. Tuseme wewe na mwenzi wako mmeweka akiba miaka kadhaa, au mmepata mkopo katika chama chenu cha akiba, na mnataka gari la familia. Kabla ya kutazama rangi na redio, kaeni pamoja mjiulize maswali manne.

La kwanza: Ni nani katika mtaa wetu analijua gari hili? Nendeni kwenye gereji mbili au tatu, mtaje aina na mwaka wa gari, kisha mtazame uso wa fundi. Akiguna, mmepata jibu bila malipo.

La pili: Vipuri vyake vinauzwa bei gani? Andikeni vitu vitano katika karatasi: klachi au gia boksi, pedi za breki, shokomzoba, rejeta na pampu ya maji. Ulizieni bei katika maduka mawili tofauti, vya asili na vya kuiga. Gari la bei rahisi lenye kipuri cha kuagizwa ng'ambo si gari la bei rahisi.

La tatu: Gari hili limetoka kufanya kazi gani? Lipelekeni kwa fundi wenu ninyi, asiwe wa muuzaji. Liwasheni asubuhi injini ikiwa baridi, kwani injini iliyokwisha kupashwa moto huficha maradhi mengi. Tazameni chini ya sakafu kama kuna kutu au mahali palipochomelewa upya.

La nne: Kila mwezi tutatenga kiasi gani? Petroli si gharama yote. Kuna bima, oili, matairi na matengenezo. Ikiwa baada ya kuhesabu hayo hakuna kinachobaki kwa karo na chakula, subirini. Hakuna aliyekufa kwa kupanda basi mwaka mmoja zaidi.

Huenda jirani atawacheka mkinunua gari lisilo na jina kubwa. Mwacheni acheke. Siku gari lake litakapokaa uani miezi mitatu likingoja kipuri, kuku wakitaga ndani yake, lenu litakuwa linawapeleka watoto kliniki.

Na ukipita siku moja katika mtaa wa zamani, ukaona 404 iliyopauka rangi imesimama chini ya mti, na mzee amechutama kando yake na spana mkononi, simama umsalimie. Muulize amekuwa nalo tangu lini. Utapata hadithi ndefu, na ukiisikiliza vizuri utatambua kwamba sehemu kubwa inahusu mafundi: fulani aliyemtengenezea kabureta usiku wa mvua, fulani aliyemwazima slivu. Chombo hudumu mikononi mwa wanaokijua. Wahenga walilimaliza jambo hili zamani walipotuambia kwamba usipoziba ufa, utajenga ukuta.